Robo Lita ya Kilomita ya Sitini na Tatu

Kila lori lililofika kilomita ya sitini na tatu liliwasha injini bila sababu yoyote. Injinia Tupokigwe Mwambungu alikutana tena na jambo hilo Jumanne asubuhi kwenye ukuta wa michoro, akamaliza chai yake kwanza, kisha akautazama tena mchoro akitumaini kwamba umejirekebisha wenyewe. Haukuwa umejirekebisha.

Ukuta huo ulikuwa katika karakana kuu ya Ushoroba wa Nyanda, na ulionyesha malori yote mia sita yaliyovuka mlima Ng'angule kwa siku kuelekea bondeni. Mstari wa kijani ulikuwa betri, mwekundu ulikuwa injini. Malori yakipanda, mwekundu ulisimama wima na wa kijani ukashuka polepole. Yakifika juu, mwekundu ulilala. Halafu, mahali pamoja, mistari mia sita myekundu iliruka kama watu waliomwagiwa maji ya baridi, ikakaa juu dakika moja na nusu, ikalala tena.

"Ni nini hicho?" aliuliza Bwana Rweyongeza, mkuu wa mgao wa mafuta, aliyekuwa ameingia bila kubisha hodi kama kawaida yake. Alikuwa mwanasheria kwa elimu, na hakuona haya kusema hajui gari linaendaje. Tupokigwe alimpendea hilo tu.

"Ni dizeli inaungua bure, mkuu."

"Nieleze kwa lugha ya watu."

"Lori mseto lina nguvu mbili," alisema. "Kuna injini ya dizeli, na kuna mota inayokula umeme wa betri. Injini haipendi kuanza mwendo wala kutambaa kwenye foleni. Hapo inakunywa sana na kazi haionekani. Kwa hiyo mota ndiyo inaling'oa lori, injini inaingia likishachanganya mwendo. Likisimama, injini inazima. Likiteremka, magurudumu yanaizungusha mota, na mota ikizungushwa inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri. Zamani nguvu yote ya mteremko iliishia kuunguza breki."

"Hiyo nimeipata. Sasa kosa liko wapi?"

"Ujanja wote uko kileleni. Ufike juu betri ikiwa karibu tupu, ili mteremko upate pa kuweka umeme wake. Huendi kisimani na ndoo iliyojaa. Haya malori yetu yakifika sitini na tatu, mita mia nane tu kabla ya mteremko, yanawasha injini na kujaza ndoo. Robo lita imeungua. Halafu mteremko unakuta hakuna nafasi, umeme unaishia kwenye breki. Tumepoteza mara mbili."

Rweyongeza alipiga hesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. "Lita elfu nne na mia tano kwa mwezi," alisema mwishowe, na baada ya hapo hakutania tena.

Wote wawili waliiwazia Ihanja. Hospitali ya Ihanja ilikuwa upande wa juu wa wilaya, na magari yake ya wagonjwa yalikuwa mseto kama magari yote tangu mgao uanze. Wakati wa kiangazi yalijiendesha vizuri. Lakini masika yakishuka na barabara kugeuka ugali, betri peke yake haikufika kilomita thelathini, na matangi yalikuwa yakikauka kabla ya tarehe ishirini. Masika yaliyopita mjamzito mmoja alisubiri gari kwa muda wa saa nne. Mtoto alipona. Mama hakupona, na Rweyongeza ndiye aliyetia saini taarifa.

"Ifute," alisema. "Ihanja wapewe hizo lita kabla mvua haijaanza."

"Siwezi kuifuta. Huo ni Mguu wa Kihwele."

* * *

Malori ya Ushoroba hayakuwa na madereva tena. Yalikuwa na waangalizi, watu waliokaa kwenye usukani wakila karanga, na yalikuwa na Mguu. Miaka kumi na moja iliyopita, mgao ulipoanza, serikali ilitafuta dereva anayetumia mafuta kidogo kuliko wote, ikampata Dominiko Kihwele. Alivalishwa viatu vyenye vihisio kwa miezi saba. Kila alipokanyaga, kila alipoachia, kila alipogusa breki kwa ncha ya kidole gumba, viliandika. Kutokana na hayo ulitengenezwa Mguu mmoja, programu inayoendesha kama yeye, ukapandikizwa katika kila lori. Matumizi ya dizeli yalishuka karibu nusu, na Kihwele akapewa cheti chenye fremu.

Sheria ya Nyayo ilikuja baadaye. Ilisema mazoea ya mwili wa mtu ni mali ya mtu, na hayarekebishwi bila dole gumba lake mwenyewe.

Kilichomkosesha Tupokigwe usingizi kilikuwa kingine. Yeye ndiye aliyefunga vile viatu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka chuo juzi, na aliiona ile injini ya sitini na tatu tangu siku ya kwanza. Angeweza kumwuliza Kihwele. Hakumwuliza, kwa sababu injinia haulizi dereva, na kwa sababu Kihwele alikuwa hodari mno asiweze kufanya jambo bila maana. Badala yake alikaa chini akatunga sababu tatu: kupasha injini moto kabla ya mteremko, kusambaza oili, na kuiandaa betri kisaikolojia. Ile ya tatu aliandika usiku akiwa amechoka, akidhani mkuu wake ataikata. Hakuikata. Sasa ilikuwa Kanuni ya Kihwele, ilifundishwa vyuoni, na wanafunzi waliokosa sababu ya tatu walifelishwa.

Aliona aibu, aibu ya kweli ya kuwasha masikio. Alining'iniza begani kidole-mashine, kifaa cha kupokelea dole gumba, akapanda basi kwenda Kidawile.

* * *

Alimkuta Kihwele shambani akipalilia viazi kwa magoti. Magoti yenyewe yalikuwa yameshamgomea, na kila mstari ulimchukua nusu saa.

"Kamwene, baba," alisema Tupokigwe kwa salamu ya huko. "Shikamoo."

"Kamwene. Marahaba." Alimtazama juu hadi chini. "Wewe ni yule binti wa viatu. Vilinibana, na sikuwahi kukwambia."

"Pole, baba."

"Ilishapita. Umekuja kunipa vingine?"

Alimweleza. Alimwonyesha robo lita kwenye chupa aliyobeba, dizeli ya rangi ya chai ya rangi, akamwambia habari za Ihanja, za yule mama aliyesubiri saa nne. Kihwele aliishika chupa akaigeuzageuza juani.

"Mbona hukuniuliza wakati ule?" alisema.

"Nilidhani ni ufundi."

"Ufundi!" Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Pale nilimgonga mtu, mwanangu."

Alisimulia bila kupamba. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa malori mseto. Alikuwa amefika kileleni, injini imezima, lori linateleza kwa mota, kimya kabisa, na yeye mwenyewe akifurahia ule ukimya. Mwanamke mmoja, jina lake Salila, alikuwa amesimama kando ya barabara na ndoo ya maji kichwani. Lori jingine lilikuwa likipanda kutoka bondeni likinguruma. Salila alilisikia, akalisubiri lipite, akavuka. Hakugeuza kichwa kwa sababu ya ndoo. Lori la Kihwele lilitokea upande wa pili.

"Polisi waliniachia. Walisema gari ndiyo haikuwa na sauti, siyo dereva aliyekuwa na makosa. Mume wake, Zakayo Mgimwa, aliniambia neno moja tu. Aliniambia, 'Hakukusikia.' Basi nikamwahidi pale pale kaburini kwamba nikipita hapo nitasikika. Sisi madereva, mwenzetu akifia njiani, tunampigia honi kila tukipita. Lakini huyu honi isingemfaa. Alichokosa ni sauti ya injini. Nikawa nikifika pale nawasha injini, nazima mbele."

"Na sisi tukaiweka kwenye malori yote."

"Mwanzoni nilidhani mnanicheka. Halafu nikaona hapana, hawajui. Nikanyamaza." Alifuta udongo mkononi kwa shati. "Mguu niliwapa. Ahadi sikuwapa, mliichukua wenyewe. Lete hiyo mashine."

Alibonyeza dole gumba mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayeua kunguni. Mashine ililia kidogo ikawaka kijani.

"Basi tu?" alisema Tupokigwe. Alikuwa amejiandaa kubembeleza.

"Huyo mama wa Ihanja ana mume pia. Lakini Zakayo bado anakaa pale pale. Mimi sina uso wa kwenda kumwambia. Nenda wewe."

* * *

Ramani ya Ushoroba ilisema hakuna makazi kilomita ya sitini na tatu. Kijiji kilihamishwa miaka saba iliyopita kupisha bwawa. Tupokigwe aliteremka kwenye lori hapo Ijumaa mchana, akakuta nyumba moja ya matofali, mbwa mmoja, na kaburi lililosakafiwa vizuri likiwa na maua ya plastiki. Ramani haikuwa na tabia ya kuuliza.

Kumwona Zakayo Mgimwa hakukuwa kazi. Alikuwa ng'ambo ya barabara, upande wa kisima na shamba, madumu mawili mkononi, amesimama kwenye ukingo wa lami bila kusogea. Lori lilikuja kutoka upande wa kilele. Injini yake ikaamka kwa mngurumo, ikapita, ikafifia. Zakayo aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemjibu jirani. Kisha akasikiliza, akavuka polepole, moja kwa moja, uso ukiwa umeelekea mbele tu.

Tupokigwe aliyaona macho yake alipokaribia. Yalikuwa wazi na hayakuwa yakitazama kitu.

"Nani huyo?" aliuliza Zakayo. "Viatu vyako si vya huku."

"Shikamoo, baba. Naitwa Tupokigwe, natoka karakana ya Ushoroba."

"Marahaba. Karibu, karibu sana! Watu wa malori ni watu wangu." Alimshika mkono kwa ule wake uliokuwa mtupu, akaanza kumwongoza yeye. "Presha ya macho ilinichukulia yote mawili, mwaka wa nne huu. Lakini sijambo. Barabara ninaivuka mara sita kwa siku, muulize mbwa. Wenzako wananiangalia. Unajua kila lori likifika hapa linamsalimu mke wangu?"

 Walifika kwenye kaburi, Zakayo akaweka madumu chini, akaanza kumwagilia maua ya plastiki. Alifanya hivyo kwa uangalifu wote, akigusa kila ua kwa kidole.

Dole gumba la Kihwele lilikuwa mkobani. Sheria haikudai kitu kingine. Angeweza kuaga, kurudi mjini, na Jumatatu asubuhi kubonyeza kitufe. Malori yanayopanda yangeendelea kunguruma, maana yalipanda kwa injini. Yanayoelekea bondeni yangepita kimya, na kamera zake zilimwahi mtu aliyesimama katikati ya lami, si anayejitokeza ghafla nyuma ya lori jingine. Mzee huyu angesimama ukingoni, angelisikia linalopanda, angelisubiri lipite, angevuka. Ilikuwa hadithi ile ile, neno kwa neno.

Na angeweza kuacha mambo yalivyo. Hapo masika yangeanza wiki ijayo, na matangi ya Ihanja yangekauka tarehe ishirini.

Alitafuta njia ya tatu, kama watu wote hutafuta. Vipaza sauti vya malori viliombwa miaka minne iliyopita na kibali bado kilikuwa safarini. Matuta yalipigwa marufuku kwenye Ushoroba tangu mgao uanze, na hiyo ndiyo sheria pekee ya mgao iliyowahi kushangiliwa na wananchi. Honi ni kazi ya mkono, Mguu haukuwa na mkono, na waangalizi hawakuruhusiwa kugusa kitu.

"Baba," alisema, "hayo malori hayamsalimu mama."

Mzee aliendelea kumwagilia.

"Hayamjui. Yalinakili mguu wa dereva mmoja, mazoea yake yote, na hili likaingia humo kwa makosa. Makosa yangu mimi. Niliona injini inawaka nikaiandikia sababu za uongo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Hao waangalizi ndani ya malori hawajui hapa palitokea nini. Nisamehe."

Maji ya dumu yaliisha. Zakayo alilitikisa, akalisimamisha wima.

"Malori mia sita kwa siku," alisema. "Miaka kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyejua?"

"Mmoja, baba. Huyo dereva wa kwanza. Yeye alijua kila mara."

"Kihwele."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye ukingo wa kaburi. Alilia kidogo, bila kujificha, kama mtu anayekohoa. Tupokigwe naye alilia na akashukuru kwamba mzee haoni, kisha akajichukia kwa kushukuru. Akamweleza na yaliyobaki: robo lita, mteremko, Ihanja, yule mama, mvua. Akamwambia pia kwamba akiifuta ile injini, barabara haitamwambia tena wakati wa kuvuka.

"Na nisipokubali?"

"Sitaifuta."

Hilo halikuwa limepangwa. Alilisikia likimtoka, akaona kwamba analimaanisha, na kwamba Rweyongeza atamla nyama.

Malori matatu yalipita, kila moja likiamka na kulala. Safari hii Zakayo hakuinua mkono.

"Huyo mtoto wa Ihanja," aliuliza, "ni wa kike au wa kiume?"

"Sijui, baba. Sikuuliza."

"Ninyi watu wa karakana hamuulizi kitu." Alisimama. "Kile kibanda changu cha shamba kina bati zima. Nitahamia ng'ambo, kwenye kisima. Nitakuwa sina haja ya kuvuka." Alipapasa jiwe la kaburi, akaliacha. "Ila yeye atabaki upande huu."

* * *

Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, Tupokigwe alibonyeza kitufe. Mistari mia sita haikuruka tena. Wiki ile ile tangi la Ihanja lilijazwa mpaka juu, na mvua ilipokuja magari ya wagonjwa yalitoka. Kwenye kitabu cha mafundisho alifuta sababu tatu za Kanuni ya Kihwele. Chuo kilimwandikia barua ndefu ya kulalamika kuhusu ile ya tatu.

Barua nyingine aliiandika mwenyewe, kwenda Kidawile. Ilikuwa na mistari minne tu, juu ya macho ya Zakayo na kaburi lililobaki ng'ambo, na haikuomba kitu.

Jumapili ya pili ya masika alikwenda sitini na tatu na kipimo chake, kukagua mteremko. Mvua ilikuwa imekatika. Akakuta wanaume wawili ng'ambo ya barabara, upande wa kisima, wameshikana mikono kama watoto wa shule. Mmoja alikuwa na fimbo na magoti mabovu, mwingine alikuwa na dumu la maji. Ilionekana hawakuwa na mengi ya kuambiana. Kihwele alikuwa amekuja na basi la asubuhi, na mbwa alikuwa bado anambwekea.

Lori lilichomoza kutoka upande wa kilele, tani thelathini, kimya kabisa. Kihwele aliingia barabarani akiburuta mguu, akasimama katikati ya lami, akainua fimbo.

Lori lilimwona. Mota iligeuka jenereta, mwendo ukashuka, magurudumu yakasimama hatua kumi kutoka kwake. Mwangalizi aliacha karanga zake akachungulia dirishani. Hapakusikika kitu, isipokuwa maji yakidondoka kwenye majani.

Tupokigwe alitazama kipimo. Kulisimamisha lori lililojaa hapo na kuling'oa tena, hata kwa mota, kungegharimu zaidi ya robo lita. Namba ilikuwa inajiandika yenyewe. Aliizima mashine, akairudisha mkobani.

Kihwele alikuwa amemrudia Zakayo, na wazee wote wawili walikuwa wamefika katikati. Zakayo alisita, akageuza sikio upande wa mlima.

"Limeshapita?" aliuliza.

"Bado," alisema Kihwele. "Limesimama. Twende."